Alama Aliyoikataa Jagoda

Huu ni mwaka wangu wa nane chuoni hapa Bologna, Italia, na shahada ya sheria ni ya miaka mitano. Sitafuti huruma. Nimechoka tu: na ngazi za ghorofa ya nne, na mama anayeniuliza kila Jumapili, "Ermes, umeshamaliza?"

Ugonjwa wangu ni mmoja. Kwetu mtihani ni wa mdomo, mbele ya profesa, wenzako wameketi nyuma wanasikiliza. Anakutajia alama papo hapo, kati ya thelathini, kisha anauliza: unakubali? Ukikataa, haiandikwi popote. Unarudi kikao kingine. Mimi nimekataa ishirini na nne, nimekataa ishirini na saba. Nasubiri thelathini.

Septemba alikuja Jagoda, kutoka Poland, kwa ufadhili wa muhula mmoja, akapanga chumba kinachotazamana na changu. Yeye alisoma, mimi nilimshauri. Asubuhi ya mtihani wake wa historia ya sheria, mwishoni mwa Januari, nilimwambia, "Akikupa chini ya ishirini na tano, kataa. Usijishushe, dada."

Alirudi mchana uso umemng'aa. "Kanipa ishirini na tatu. Nimekataa!"

Nikampongeza, mjinga mimi.

"Sasa narudi lini?"

"Kikao kijacho ni mwisho wa Februari."

Akakaa chini na koti lake. "Naondoka tarehe tano Februari, Ermes. Bila somo hili chuo changu hakihesabu muhula. Narudia mwaka mzima. Hukujua naondoka lini?"

Nilijua. Tiketi yake ilibandikwa kwenye friji ya jiko letu la pamoja, naiona kila nikichukua maziwa. Lakini sisi wa hapa tumezoea kwamba kikao kingine kipo siku zote. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Kesho yake nilimpeleka kwa Profesa Zanarini, aliyemtahini. Alimsikiliza Jagoda, akavua miwani, akasugua macho.

"Binti yangu, alama ukiikataa haipo tena. Siwezi kuifufua." Kisha akanigeukia. "Na wewe nakujua. Ishirini na saba, miaka mitatu iliyopita. Ulikataa kwa madaha kweli."

"Ndiyo, Profesa."

"Kuna kikao cha ziada, tarehe mbili. Hakifunguliwi mpaka kiombwe na mwanafunzi aliyepitiliza miaka yake. Kikifunguliwa, yeyote anaweza kufanya. Ila mwombaji naye lazima afanye mtihani. Asipotokea, nafunga mlango naenda zangu nyumbani."

Jagoda alinitazama. Afadhali angenitukana. Nikatia saini ombi la kikao.

Tulikuwa na siku tano, na kitabu changu kilikuwa kinashikilia mguu wa meza. Jagoda ndiye aliyenisomesha, jikoni.

"We mshauri, usisinzie!" alinipiga kwa kijiko. "Wa ishirini na saba hajui hata hili?"

Tarehe mbili nilisimama nje ya chumba cha mtihani. Miguu ilitaka kurudi nyumbani. Jagoda alinishika mkono wa koti, tukaingia.

Alianza yeye. Aliulizwa maswali manne, moja likamshinda kabisa.

"Ishirini na mbili. Unakub..."

"Nakubali!" Darasa likacheka. Mwaka wake ulikuwa umepona, na mimi nilipumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Kisha nikaketi mimi. Nilijikwaa swali la kwanza, nikajikwaa la pili, la tatu nikalisema lote, kama tulivyolirudia jikoni.

"Kumi na tisa," alisema Profesa. Kumi na nane ndiyo ya chini kabisa ya kupita. "Unakubali?"

Sasa ningeweza kukataa bila kumdhuru mtu. Jibu langu la miaka minane lilikuwa limeshafika mdomoni. Nilimsikia Jagoda nyuma yangu, ameacha kutafuna kalamu.

"Nakubali."

Profesa aliinua macho. "Una hakika?"

"Andika, Profesa," nikamwambia. "Nimechoka kusubiri."