Oili Namwaga Mwenyewe

Mafundi wa Shumba wamenichosha na njoo kesho, njoo keshokutwa. Nikanunua oili, filta na spana, nikasema gari yangu naihudumia mwenyewe hapa uani. Stendi za kuegemezea gari sikununua, niliweka jiwe la matumbawe. Jiwe limepasuka, jeki imeanguka, na sasa gari imenibana kifua. Sijaumia, lakini kutoka siwezi, na oili inanidondokea shingoni.

"Kamwite yeyote mwenye jeki," nilimpigia kelele mke wangu, Ruweida. "Ila si fundi Haidar!"

Jeki ya Haidar niliiazima Ramadhani. Alipoiulizia, nilimwapia mbele ya watu, nje ya msikiti, kwamba nimeshairudisha.

Ruweida alirudi na Haidar huyo huyo, mikono mitupu.

"Wengine wote wamekwenda Micheweni harusini," alisema.

Haidar alichutama. Alinitazama mimi, kisha akaitazama jeki iliyolala kando ya sikio langu, na jina lake juu yake kwa rangi nyekundu. Akakaa kitako, taratibu, kama mtu asiye na safari.

"Nitakutoa, Pandu," alisema. "Lakini kwanza, hebu apa tena."