Themanini ya Pili

...themanini halafu themanini tena, anasema huyu Brett, mhandisi wa supamaketi inayotakiwa kujengwa upande wa juu wa kijito chetu, bwawa watakalochimba litazuia asilimia themanini ya uchafu wa maji ya mvua, kichujio cha mchanga kitazuia themanini ya uliobaki, jumla tisini na sita, na anatabasamu utafikiri amefunga bao, na bosi wangu Purnell anatikisa kichwa kukubali, na mimi ndiye wa kutia sahihi kwa niaba ya kaunti, kalamu mkononi... uliobaki ni upi, kijana, umewahi kuutazama? bwawa linashika changarawe na mchanga, vitu vizito vinavyozama vyenyewe, kinachopita ni tope laini, kama unga uliokwisha chekechwa, sasa chekeche la pili litashika nini, themanini nyingine mnaitoa wapi, wajinga nyie... “Lorna, malizia basi, watu hatujala,” Purnell huyo, ndiyo, nasikia, mnataka kwenda kula kaa, mtawapasua magamba kwa nyundo juu ya magazeti yaliyotandikwa mezani na kusifia ghuba yetu ya Chesapeake, huku Wade, kaka yangu, aliyeweka vizimba vyake vya chaza mdomoni mwa kijito, masika haya alinyanyua kimoja mbele yangu, tope tupu, maganda yamefunguka, chaza wamekufa, harufu, yote ni maji ya yale maegesho mapya ya magari kule juu, maegesho tuliyoyaidhinisha kwa hesabu hii hii, akawa anaosha ganda moja moja, “Dada, nyie wa ofisini mlisema asilimia ngapi vile?” akacheka, na hakikuwa kicheko... nikiandika maji yanayotoka kwenye yale maegesho yachukuliwe na kupimwa kabla ya supamaketi kujengwa, Brett atapiga kelele, lakini Wade akipoteza vizimba vilivyobaki atauza mashua, ataenda kupanga makopo dukani kwao hao hao... Purnell ananiinamia sikioni, “Mwongozo wetu unaruhusu kupiga hesabu hivyo. Halafu wanajua kaka yako anafuga chaza, watasema unampendelea, unataka hayo?” na hilo ndilo lililonifunga mdomo asubuhi nzima, mjinga mimi, kuogopa kusemwa, wakati nimekalia kiti hiki kwa ajili ya watu wanaoishi huku chini maji yanakoishia... Brett anakohoa, kalamu bado iko mkononi, naandika maji yapimwe kwanza, na waseme, nitawatangulia kusema, ndiyo, ni kwa sababu ya kaka yangu, nyie mlidhani kijito kinateremka kwa nani?