Viazi Havihitaji Sauti

Kwanza niseme ninachokikasirikia, msije mkadhani nina ugomvi na mchezo wa bingo. Bingo naipenda. Nimeuza vitabu vyake vya karatasi za namba kaunta ya ukumbi wetu hapa Port Talbot tangu wanangu wakivaa nepi, na huyo mkubwa sasa ana kipara. Ninachokikasirikia ni walivyomfanyia Eirlys.

Eirlys Pugh ndiye aliyekuwa akiita namba. Kila jioni alipanda kwenye kile kiti chake kirefu, maikrofoni mbele yake, mipira inarukaruka ndani ya mashine, naye anaitoa mmoja mmoja na kuipa jina la utani kwa namba yake; mbili mbili, kwa zile shingo zao, ni bata. Akisema, "Bata wawili wadogo, ishirini na mbili," ukumbi mzima unajibu kwaa kwaa bila mtu kuinua macho kwenye karatasi yake. Bibi aliyemzika mumewe wiki ileile, naye anajibu kwaa kwaa. Kampuni inadhani watu walikuwa wanafuata zawadi. Zawadi gani? Walikuwa wanamfuata Eirlys.

Mchana alikuwa na kibarua kingine jikoni, shule ya msingi iliyo juu ya mtaa wetu, kugawa chakula na kuosha masufuria. Wengi wetu tuko hivyo, kazi nusu huku na nusu kule, maana kazi nzima haionekani tangu kiwanda cha chuma kianze kupunguza watu.

Sauti ikaanza kumkwaruza. Akanywa asali, akanywa malimau, haikusaidia. Hospitali wakamkuta na vinyama kwenye nyuzi za sauti, wakavikata, na daktari akamwambia asitoe neno mpaka kidonda kipone. Hata kunong'ona asinong'one. Akikaidi, sauti ya kuita namba ndiyo kwaheri.

Sasa sikilizeni sheria ya wakati ule. Mtu wa kazi mbili akiumwa, kila mwajiri anampima peke yake. Mshahara wa shule ulikuwa mdogo, haukufikia kiwango cha kulipwa ukiwa mgonjwa, kwa hiyo akilala nyumbani shule haimpi kitu. Wa bingo ulifikia. Na sheria hiyohiyo inakubali mtu awe mgonjwa kwenye kazi moja na aendelee na nyingine, kama maradhi yanamzuia huku na hayamzuii kule. Daktari akaandika waziwazi kwenye cheti: kuita namba hawezi, kazi ya jikoni anaweza, mradi anyamaze. Kuna ugumu gani hapo? Mtoto anayegawiwa maharage anaelewa.

Eirlys akajinunulia kiubao kidogo, akakivaa shingoni kwa kamba. Akawa anawaandikia watoto, "Mchuzi?" nao wanacheka na kumwandikia majibu kwa kidole hewani. Malipo ya ugonjwa yakaingia kutoka bingo, kidogo, lakini mita ya gesi ilipata sarafu zake na kodi ya nyumba ikalipika.

Mpaka ilipofika karamu ya Krismasi ya shule, wazazi wanapoalikwa kula na watoto wao. Meneja wetu, Craddock, ana binti pale. Akaja kwenye foleni na taji la karatasi la Krismasi kichwani, akanyoosha sahani, akainua macho, akamwona Eirlys ameshika upawa. Eirlys akamtabasamia. Akamwongezea kiazi, tena kile kilichokauka vizuri pembeni. Yule mwanamume akakila kiazi, akaenda ofisini, akamsimamishia malipo kabla ya sikukuu. Barua ikaja: ametuhumiwa kuidanganya kampuni, aje ajieleze, na kazi yenyewe iko hatarini.

Mfanyakazi anayeitwa hivyo anaruhusiwa kwenda na mwenzake. Nikavaa koti langu la mazishi, nikaenda naye.

Kutoka makao makuu Bristol alikuwa ametumwa mama mmoja, Bi. Lomax, mpole wa kukera, mwenye sauti ya kumbembeleza mgonjwa huku akimnyang'anya blanketi. Akaweka simu katikati ya meza, akatueleza kwamba kikao kinarekodiwa kwa faida ya wote. Akamuuliza Eirlys kama ni kweli siku ile alikuwa kazini shuleni. Eirlys akaitikia kwa kichwa.

"Samahani, Bi. Pugh," akasema, "kinasa sauti hakioni kichwa."

Eirlys akaandika kwenye kiubao kwamba ndiyo, na kwamba wasome cheti. Nikasema nitamsomea. Bi. Lomax akaniambia taratibu kwamba kanuni zinaniruhusu kumtetea, ila haziniruhusu kumjibia. Nikamsukumia cheti. Akakiangalia jinsi mtu anavyoangalia menyu akiwa ameshiba.

Craddock naye akaona zamu yake imefika. "Mgonjwa ni mgonjwa, Delyth. Mimi nikivunjika mguu hapa, siendi kucheza mpira pale."

"Wewe ukivunjika mguu, kazi yako ya kukaa ungeifanya bila shida," nikamwambia. "Naye ameumia koo. Upawa haushikwi kwa koo."

Bi. Lomax akaniomba nisipandishe sauti, kwa ajili ya kurekodi. Nilitamani niimeze ile simu. Nikamweleza tena, polepole, kwamba mtu huyu amekatazwa kusema, kwamba hiyo ndiyo kesi yenyewe, kwamba wanamtaka avunje amri ya daktari ili athibitishe kwamba ana amri ya daktari. Akasikiliza hadi mwisho, nakiri, akaandika kitu. Kisha akamgeukia Eirlys.

"Usipojibu, Bi. Pugh, itabidi niandike kwamba umekataa kujibu. Na hapo sitakuwa na la kukusaidia."

Malipo yangekwenda, kazi ingekwenda, na jina la mwizi lingebaki. Eirlys alinitazama. Nikatikisa kichwa, nikamshika mkono kwa nguvu. Akautoa mkono wangu bila hasira, akavua kiubao shingoni, akaiinamia ile simu kama alivyokuwa akiiinamia maikrofoni.

"Nilikuwa nagawa viazi," akasema. "Viazi havihitaji sauti."

Sijui niwaeleze vipi. Ilikuwa sauti ya kijiko kinachokwangua ukoko chini ya sufuria. Alipofika neno la mwisho hakukuwa na neno tena, pumzi tu, kisha kikohozi, na leso aliyoiweka mdomoni ikarudi na damu. Craddock akatazama viatu vyake. Bi. Lomax akabonyeza simu, akasema, "Inatosha."

Walimlipa. Hata senti ya mwisho haikubaki, na juu yake barua ya kumtakia afya njema. Wiki iliyofuata Craddock akanijia kaunta kuniuliza Eirlys atarudi lini kwenye kiti chake, maana wateja wanaulizia.

Hatarudi. Kidonda kilichanika, na daktari alipotazama tena hakuficha: sauti ya kuombea mkate dukani atakuwa nayo, ya kuita ukumbi mzima hana. Yuko jikoni shuleni tu sasa. Kwenye kiti chake wameweka kijana kutoka Neath, mtoto mzuri, hana kosa. Akiita bata wawili, mabibi wanatia alama kwenye karatasi zao na kungoja namba inayofuata.

Walitaka ushahidi wakaupata. Umehifadhiwa Bristol ndani ya faili, na mara ya mwisho Eirlys Pugh kuinamia kipaza sauti cha kampuni ile ilikuwa kuwaeleza kwamba hawezi kusema.