Mulango wa Nyuma katika Picha ya Lusenge

Lusenge alileta picha yake kutoka Butembo Jumapili, wakati bunduki zilikuwa zinasikika tena upande wa Oicha. Alikuwa ameichonga kwenye ubao, akapaka wino, akaichapa kwenye karatasi kubwa: kanisa letu la zamani la Mbau, lile lililochomwa moto watu wakiwa ndani, katika vita ya kwanza. Yeye hakuwahi kuliona. Aliuliza wazee, na pale waliposahau alijaza mwenyewe.

Baada ya misa katekista aliitundika ukutani, ndani ya kanisa jipya, watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga.

"Huu mulango wa nyuma uliutoa wapi?" nikamuuliza.

"Mama Kavuo, picha ilikuwa giza sana. Nilitaka mwangaza uingie, donc niliweka mulango. Hauko muzuri?"

"Uko muzuri. Mais pale kulikuwa ukuta. Kama kungekuwa mulango, mutoto wangu Adèle angetoka."

Lusenge akaangalia vidole vyake vyenye wino.

Nikageuka kutazama nyuma ya altare. Mafundi walikuwa wamejenga juu ya musingi ule ule wa zamani, na matofali yalienda mazima kutoka pembe moja hadi nyingine, bila mulango.

Nje, lori likasimama. Tukasikia buti zikiruka chini, moja baada ya nyingine.

Hakuna aliyetazama mulango wa mbele. Sisi wote tulitazama ule wa kwenye picha.