Habari ya Ng'ombe wa Ihumwa

Gazeti lilishuka Dodoma na gari moshi siku ya Alhamisi. Kufikia Jumamosi Bartolomayo alikuwa amepasuliwa mdomo, na aliyempasua hakuwa adui bali mjomba wake, mzee Matonya wa Ihumwa, ndugu wa tumbo moja na mama yake.

Mwantum alimwona akija, kanzu yake ya ualimu imelowa damu kifuani. Yeye alikuwa ameketi kwenye kibanda chao karibu na stesheni, akimwandikia barua mke wa kuli mmoja wa reli. Akaweka kalamu chini.

"Nani kakufanya hivi?"

"Soma," Bartolomayo akasema, akamtupia gazeti mapajani. "Mwalimu wa shule ya huko amewasomea watu wote, na jina langu liko chini. Mjomba kaniuliza kama ni jina langu. Nikasema ni langu. Hakuniuliza la pili."

Walikuwa watatu waliokula kwa kalamu bila kuajiriwa na mtu. Halfani, kaka yake Mwantum, alikuwa karani wa misafara ya pembe mpaka reli ilipofika na misafara ikafa. Bartolomayo alikuwa mwalimu wa misheni, akafukuzwa kwa kubishana na Mzungu wake juu ya ngoma za jando. Mwantum mwenyewe alikuwa mjane, binti wa mwalimu wa chuo cha Kurani huko Kondoa. Baba yake alimfundisha khati za Kiarabu. Za Kizungu alijifunza kwa Bartolomayo, na baada ya mwaka mmoja akampita. Watatu hao waliandika barua za watu, mashauri ya kupeleka bomani, tungo za harusi, na habari za bara kwa gazeti moja la pwani. Za gazeti nyingi alizitunga Mwantum, lakini mhariri alikwisha kusema hachapishi jina la mwanamke. Basi jina lilikuwa la Bartolomayo, na Mwantum alilimeza hilo kama mtu amezavyo shubiri.

Akalifungua gazeti.

Mwezi uliopita yeye na Bartolomayo walikwenda Ihumwa baada ya akida, mkusanya kodi wa Wadachi, kupita huko na askari wake. Watu walikuwa wamekwisha kulipa kodi. Akida akasema wameficha mifugo, na faini yake ni mifugo yenyewe. Mwanamke mmoja, Yudith, aling'ang'ania kamba ya ng'ombe wake wa maziwa, akaburutwa kwenye miiba mpaka mkono ukavunjika. Mwantum alikaa naye, akamsikiliza, akaandika yote, pamoja na jina la kila mwenye ng'ombe. Halfani ndiye aliyeipeleka habari hiyo posta.

Sasa gazeti lilisema hivi: "Watu wa Ihumwa, mbele heri na nyuma fanaka, wametoa ng'ombe wao kwa hiari na kwa vigelegele, wakimshukuru akida kwa huruma yake."

Akasoma tena. Mbele heri na nyuma fanaka! Alikuwa mtoto mdogo alipoyasikia maneno hayo mara ya kwanza, baba yake akisoma kwa sauti barua zilizotoka Tabora, alizoandika mwanawe Halfani akiwa safarini na msafara. Mhariri wa pwani hakuyajua maneno hayo. Nchi hii nzima ilikuwa na mtu mmoja tu aliyeyaandika.

"Funga kibanda," akamwambia Bartolomayo, akaondoka.

Alimkuta Halfani nyumbani kwao Kizota, amesimama uani, anajaribu koti jipya la kaki lenye vifungo vya shaba. Hakuhitaji kuuliza limetoka wapi.

"Karani wa akida," akasema.

Halfani akageuka taratibu. "Dada, kaa kwanza unywe maji."

"Uliichana yangu au uliichoma?"

"Niliwaokoa! Ile habari yako ingechapishwa, nani angepigwa kiboko? Mhariri? Ni Bartolomayo. Na baada yake mimi, na wewe ungerudishwa Kondoa ukachunge mbuzi."

"Kwa hiyo ukamwokoa Bartolomayo kwa kutia jina lake kwenye uongo."

"Jina ni jina tu."

"Basi mbona hukutia lako?"

Halfani akafunga kifungo, akakifungua. "Nimetembea na mizigo ya watu miaka yote, Mwantum. Nimelala porini na fisi. Sasa nataka kiti. Ni dhambi mtu kutaka kiti?"

"Kalia kiti chako," Mwantum akasema. "Lakini umekitandika ngozi ya ng'ombe wa yule mwanamke."

Akachukua bweta lake la nguo, akaenda kuomba hifadhi kwa Mama Batuli, muuza maandazi wa stesheni. Hakulala chini ya paa la kaka yake tena.

Siku chache baadaye wale ng'ombe, waliokuwa bado zizini mwa akida, waliletwa stesheni kuuzwa na kupakiwa kwenye mabehewa. Wachinjaji walikuja, na askari, na akida kwenye kiti cha kukunja, na Halfani pembeni yake na daftari. Watu wa Ihumwa nao walikuja, wakasimama mbali kama watu waliokuja mazikoni. Yudith alikuwa miongoni mwao, mkono umefungwa kwa gome la mti.

Mwantum akapenya katikati, akapanda juu ya rundo la mataruma ya kulazia reli. Hakuwa na karatasi. Ile habari alikuwa ameitunga yeye, neno kwa neno, na ilikuwa bado imo kichwani.

"Habari ya Ihumwa!" akaita. "Ile ya kweli! Ameiandika Mwantum binti Hassani wa Kondoa!"

Akaanza. Watu wakageuka. Bartolomayo, mdomo bado umevimba, akaja akasimama chini yake, akawa anaigeuza kwa Kigogo kwa sauti kubwa kuliko yake. Mwantum alipofika kwenye ng'ombe akawaonyesha kwa kidole: yule mwekundu mwenye baka shingoni ni wa Matonya, wale wawili weusi ni wa mayatima wa Gideoni, yule mweupe, tazameni, bado anatoa maziwa, ni wa Yudith, na mkono wa Yudith ule pale. Kila jina lilipotajwa, mwenye jina alisogea hatua mbele.

"Mnyamazisheni!" akida akafoka.

Mchinjaji mkubwa, Mwarabu mmoja mnene, alikwisha kukunja mfuko wake. "Mimi nanunua nyama," akasema, "sinunui kesi." Akaondoka, na wenzake wakamfuata.

Askari wakamkamata Bartolomayo. Mwantum aliporuka chini kumshika, mmoja alimsukuma kwa kitako cha bunduki. Akamtazama kaka yake. Halfani alikuwa ameinamia daftari, anaandika, au anajifanya anaandika.

Bartolomayo alipigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, mbele ya boma. Matonya alikuja, akapita katikati ya askari bila kuomba njia, akamwinua mpwa wake na kumwosha mgongo kwa mikono yake. Hakuomba radhi kwa maneno. Akambeba mpaka Ihumwa. Ng'ombe hawakurudi. Waliswagwa kwenda stesheni ya mbele, wakauzwa kwa watu wasiojua lolote. Mkono wa Yudith ulipona ukiwa umepinda.

Mwantum alisindikizwa na askari kwa miguu mpaka Kondoa. Huko akafungua chuo cha wasichana kwenye baraza ya marehemu baba yake, akawafundisha khati zote mbili, na kabla ya yote akawafundisha kuandika majina yao wenyewe. Bartolomayo alibaki Ihumwa, akiwaandikia watu mashauri yao, na kila alipoandika aliwasomea kwanza hadharani, neno kwa neno.

Vita vilipokuja na Wazungu wengine wakaingia Kondoa na farasi wao, Halfani naye alifika, mwembamba, bila koti. Alikula ugali wote uliowekwa mbele yake. Kisha akasema anahitaji waraka wa kuwapa wakubwa wapya, unaosema kwamba siku zote alikuwa upande wa raia.

"Watu wanakuamini wewe," akasema. "Uandike wewe, dada. Mistari michache tu."

Mwantum akamwongezea mboga, kwa kuwa alikuwa kaka yake na alikuwa na njaa.

"Chakula changu kula," akasema. "Neno langu hupati."

Akawageukia wanafunzi wake waliokuwa wakingoja barazani, akaendelea na somo.