Hapana ya Kwanza ya Noreen

Noreen Twomey alikuwa amebakiza wiki mbili afunge bucha la marehemu mumewe, na mgeni aliyeketi jikoni kwake ndiye pekee aliyeweza kuliokoa. Joost, Mholandi mwenye hoteli saba, alikuwa akizunguka vijiji vya jimbo la Kerry akionja vyakula, akitafuta mtu mmoja wa kumtengenezea soseji ya damu kwa hoteli zote.

Alikwisha kuona mengi. Nyumba ya kwanza alipewa viazi vya kuchemsha, vya kuponda na vya kukaanga katika sahani moja, akaambiwa hivyo ni vyakula vitatu. Chai aliikataa mara nne, akaishia kunywa vikombe vitano. Kwa Noreen alikata kipande cha soseji, akatafuna, akafumba macho. Akakata kingine. Akaifuta sahani kwa mkate wa magadi mpaka maua yaliyochorwa chini yakaonekana.

"Mama," akasema, "nimekula soseji ya damu katika nchi tisa. Sijaonja kama hii. Utanitengenezea?"

Moyo wa Noreen uliruka. Lakini alilelewa vizuri, maskini, na huko Kerry aliyelelewa vizuri hakubali kitu akiulizwa mara moja. Mara ya kwanza unakataa, ya pili unasitasita, ya tatu unakubali shingo upande, ili ionekane unamsaidia mwenzio.

"Aa, wapi," akasema, akipangusa meza iliyokwisha kung'aa. "Hiyo ni ya kupoza njaa tu. Sitaweza, bwana."

Akangoja. Joost akainamisha kichwa kwa heshima. Kwao, mtu akisema hapana, amesema hapana. Akashukuru, akavaa koti, akatoka.

Noreen akatupa kitambaa mezani. Tangu azaliwe alikuwa hajawahi kufanyiwa ukatili kama ule wa kuaminiwa neno lake. Akamkimbilia hadi kwenye gari, na aproni yake kiunoni, amekusudia kabisa kusema ndiyo. Wahenga walisema mficha uchi hazai, ila wahenga hawakulelewa na mama yake Noreen.

Joost akashusha kioo. "Umebadili mawazo, mama?"

Hilo lilikuwa swali la pili, na swali la pili ni la kusitasita.

"Sijui, bwana. Nisije nikakuharibia kazi bure," akasema, macho kwenye viatu vyake. Niulize tena, alimsihi moyoni, mara moja tu.

"Nimekuelewa," Joost akasema kwa upole. "Sitakusumbua tena. Kuna mwingine hapa anayetengeneza?"

Alikuwepo Dinny Crowley, ambaye soseji zake hata mbwa wake huzinusa kwanza. Noreen alitamani kulia. Kumsema jirani vibaya mbele ya mgeni, hilo nalo mama alilikataza.

"Dinny, ukishapita kanisa," akasema. "Mtu mzuri sana. Soseji zake zinazishinda zangu mbali." Gari likaanza kuondoka, naye akashika ukingo wa dirisha. "Ila akikataa, usimwache upesi. Muulize mara tatu."