Mikono ya Kushoto

Mimi ndiye niliyeanguka wa kwanza pale karakana ya kushona, na nilianguka makusudi. Nilikuwa nimekata mikono ya mashati arobaini, yote ya kushoto, na msimamizi alikuwa anakuja mezani kwangu. Nikajitupa chini kama gunia.

Mshona vifungo akapiga ukelele, naye akadondoka. Yeye hakuigiza. Kufikia Alhamisi walikuwa wameanguka tisa, na kila aliyezinduka alimtaja Mama Pasi, mpiga pasi wetu, kwa kuwa ana tabia ya kunong'ona na pasi yake. Nilipoulizwa, nami nikaitikia kwa kichwa.

Ijumaa tukaitwa kutia sahihi afukuzwe kwa uchawi. Yeye alisimama mlangoni na mkoba wake. Karatasi ikaanzia kwangu, kwa heshima ya kutangulia kuanguka. Heshima, ptuu! Kalamu ikanishinda.

"Sikuanguka," nikasema. "Nilijitupa." Nikaivuta ile mikono kutoka chini ya meza, nikaimwaga mbele ya msimamizi.

Mshona vifungo akafoka, "Mwongo mkubwa! Basi sisi tuliangushwa na nani?"

"Na mimi," nikajibu, na kifua kikawa chepesi kwa mara ya kwanza wiki nzima.

Msimamizi akaichana karatasi. Nikamfuata Mama Pasi nimwombe radhi. Alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka.

"Asante, mwanangu," akasema. "Nilishaanza kujiogopa. Jana nilimwomba mume wangu anifunge mkono kitandani, nisije nikatoka usingizini kuwaroga."